Swali la Mpimaji wa Kusini

Kila Alhamisi saa saba mchana Steliana Botnaru aligeuza kibao cha mlangoni kikaonyesha "Tumefunga", akakaa kwenye kompyuta na kikombe cha chai, akaanza kuwaandikia wapima macho wa Moldova nzima habari zao.

Mimi naitwa Aculina. Nasaga lenzi na kuzitia kwenye fremu, mwaka wa kumi na tisa huu, katika chumba cha nyuma chenye mlango usiofungika vizuri. Ndiyo maana najua mengi. Wanaosema nina masikio marefu waje wakae wao nyuma ya mlango ule miaka kumi na tisa, halafu tuone.

Jarida la chama cha wapima macho ni kurasa nne tu. Wizara ikitoa waraka, chama kinamtumia Steliana, naye anauvunjavunja mpaka unalika. Waraka ukisema "mtoa huduma atahakikisha utakasishaji wa nyenzo za majaribio baina ya wahudumiwa", Steliana anaandika: "Futa fremu ya kujaribia kwa spiriti kila akitoka mtu." Kazi hiyo hakulipwa hata senti, na hakuna aliyemshukuru, ila akichelewa siku moja simu zinalia mpaka zinakera.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa maswali na majibu. Maswali mepesi aliyajibu mwenyewe, mazito aliyapeleka kwa Bwana Grosu, mwanasheria wa chama kule mji mkuu, Chişinău. Tatizo ni kwamba wapima macho hawaulizi. Kuuliza ni kukiri kuwa hujui, na mtu aliyevaa koti jeupe hapendi kukiri. Basi Steliana aliyatunga maswali yeye mwenyewe. "Mpimaji wa kaskazini anauliza." Mpimaji wa kaskazini hayupo! Mpimaji wa kaskazini ni Steliana na kikombe chake cha chai.

"Siku moja watakugundua," nilimwambia.

"Wakinigundua watakuwa wamesoma mpaka ukurasa wa nne, Aculina. Nitafurahi."

Mwezi wa Januari ukaja waraka wa madereva. Ulisema hivi: kuanzia tarehe mosi Machi, dereva yeyote anayebeba abiria apimwe kwa skrini inayobadilisha herufi kila mara, si kwa bango la ukutani. Majibu yaingizwe kwenye mfumo wa kompyuta wa wizara siku ileile. Asiyeona vya kutosha asimamishwe, na mpimaji atakayemficha afutwe kwenye orodha.

Steliana aliusoma mara tatu. Chai ikapoa. Mimi nilijua anamfikiria nani, kwa sababu na mimi nilikuwa namfikiria huyohuyo.

Ilarion ni kaka yake mkubwa. Anaendesha basi linalokusanya watoto wa vijiji vitano na kuwaleta shuleni mjini, watoto arobaini na kitu, na mmoja wao ni mjukuu wake. Baba yao alipokufa Ilarion alikuwa na miaka ishirini. Akaingia kwenye malori, akasafirisha zabibu na saruji majira yote, ili Steliana asome mpaka amalize. Hajawahi kumsimanga kwa hilo. Afadhali angemsimanga, maana fadhila isiyotajwa haina siku ya kuisha.

Na baba yao alikuwa fundi miwani. Bango lake la herufi za Kirusi, lile la mistari kumi na miwili ambalo kila mtu aliyekulia enzi za Wasovieti anaijua mistari yake ya juu, lilitundikwa jikoni kwao. Watoto wake wawili walijifunzia kusoma hapo. Hata leo, wanaume wa mji huu wakifika glasi ya tatu ya divai kwenye harusi, wanaanza kuimba: Sha, Be! Em, En, Ka! Wengi wanakwama mstari wa nne. Ilarion anafika wa kumi na mbili akiwa amefumba macho, na watu wanampigia makofi. Bango hilohilo la jikoni ndilo lililokuwa kwenye chumba cha kupimia cha Steliana.

Sasa nieleze jambo ambalo tulilinyamazia mwaka mzima.

Machi ya mwaka jana tulipaka rangi chumba cha kupimia. Fundi alilihamishia bango ukuta wa pili, na kwenye msumari wa zamani akatundika kalenda ya kiwanda cha divai. Ilarion akaja kupimwa, anaharakisha, basi linamsubiri nje. Akakaa kitini kama kawaida yake, akaziba jicho la kushoto, akaitazama kalenda.

"Sha, Be," akasema. "Em, En, Ka." Akaendelea mpaka mstari wa kumi. Akaziba la kulia, akairudia kalenda yote tena. Hakukosea hata herufi moja.

Nilikuwa mlangoni nimeshika fremu ya mteja. Steliana alinitazama. Nilidhani atasema neno. Akainamisha kichwa, akatia sahihi, na Ilarion akambusu shavuni, akatoka huku ananitania: "We msaga vioo, utakufa na vumbi lako!" Tukasikia basi likiondoka.

Baadaye siku ileile Steliana aliniambia kwa sauti ndogo kwamba ugonjwa wenyewe anaujua, baba yao alikuwa nao. Katikati ya jicho panakufa, pembeni panabaki. Mtu anaweza kutembea, kumwagilia nyanya, hata kuendesha gari kwenye barabara aliyoizoea. Asichoweza kuona ni kile anachokitazama moja kwa moja. Na dawa hakuna.

"Nitamwambia Jumapili," alisema.

Jumapili zikapita hamsini. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, lakini hapa maradhi yalifichwa na mtu wa pili, na vifo ambavyo vingeumbua vilikuwa vya watoto wa watu. Nilikuwa nikisikia honi barabarani natoka nje kutazama. Na mimi sikusema. Sijitoi.

Basi waraka ulipokuja, Steliana akahangaika kama panya ndani ya pipa. Tulikaa chumba cha nyuma tukajaribu kila mlango.

"Nikijiuzulu?"

"Wilaya haina mpimaji mwingine. Waraka wako unasema pasipo na mpimaji, vyeti vya zamani vinaendelea mpaka Desemba. Ataendelea kuendesha."

"Nimpeleke kwa mpimaji wa wilaya nyingine?"

"Hairuhusiwi. Si wewe uliyeandika? 'Kila dereva kwa mpimaji wake.'"

"Niliandika vizuri mno," akasema, akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Ndipo alipofanya kosa ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Alhamisi moja ya Februari aliandika: "Mpimaji wa kusini anauliza: ikiwa dereva ni ndugu yangu wa damu, na nina wasiwasi na macho yake, naruhusiwa kujitoa, na cheti chake cha zamani kiendelee mpaka apatikane mtu mwingine?" Akampelekea Bwana Grosu. Alitumaini mwanasheria atajibu kama wanavyojibu wanasheria, huku na huku, na ndani ya huku na huku apate upenyo wa kujibanza.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bwana Grosu, ambaye kwa miaka yote alijibu kwa mistari miwili, safari hii alijibu nusu ukurasa. Undugu si udhuru. Mpimaji anayeuliza swali hili tayari anajua, na anayejua haruhusiwi kungoja siku ya kipimo: ana siku tatu za kuripoti, kuanzia tarehe mosi Machi. Na kwenye mfumo ataulizwa tarehe aliyoanza kujua, naye ataijaza kwa uaminifu. Chini yake Bwana Grosu akaongeza: "Swali zuri sana, Steliana. Nimeshalipeleka kwenye kamati. Lichape kama lilivyo, na umpe pole huyo mwenzetu."

"Usilichape," nilimwambia.

"Limeshafika kamati. Nisipolichapa watauliza kwa nini." Alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Tarehe niliyoanza kujua, Aculina. Unaiona hiyo? Nikiandika ukweli, nimejifuta mwenyewe. Nikiandika uongo, ni sahihi ya pili ya uongo juu ya ya kwanza. Na nisipoandika kabisa, watoto wamo ndani ya basi."

Alilichapa. Kesho yake simu zikaanza. Wenzake wote wanataka kumjua huyo wa kusini. "Masikini, ni nani? Tuambie sisi tu!" Yeye akawa anajibu, "Jina halitolewi," sauti imetulia kabisa, mkono umeushika ukingo wa meza.

Ilarion alikuja siku mbili kabla ya Machi, ameshika sahani ya plăcinte, ile mikate bapa ya jibini, aliyotuma mkewe. Aliikosa meza kidogo, nikaidaka sahani.

"Nasikia mmeleta televisheni ya kupimia macho," akasema.

"Skrini, kaka."

"Ina filamu?"

"Ina herufi. Zinabadilika."

Akajikuna shingo. "Lakini lile bango la baba hujalitupa?"

"Lipo."

"Basi si unitundikie lile? Mimi nimezoea la baba. Hayo ya televisheni yanaumiza macho." Kisha akapunguza sauti, akidhani sisikii, kama kwamba hakijui chumba changu. "Au unifundishe kidogo, Stela. Inaanza na nini? Nikijua inaanza na nini, mimi nitakwenda nayo."

"Haianzi na kitu, Ilarion. Kila mara inaanza upya."

"Hamna kitu kisichokuwa na mwanzo," akasema kwa ukali, akatoka. Hapo nikajua kwamba na yeye anajua. Mwaka mzima wawili hawa walikuwa wanafichana jambo moja, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake. Nilikasirika mpaka nikaivunja lenzi ya katibu wa manispaa.

Tarehe mosi Machi Ilarion akaja saa tatu, baada ya kuwashusha watoto. Alimletea dada yake kishada cha nyuzi nyekundu na nyeupe, kama tunavyopeana wote siku hiyo kuyakaribisha majira ya machipuko. Alijaribu kumbandika kifuani, akamchoma na pini. Steliana alitokwa na machozi, na si kwa sababu ya pini.

Skrini alikuwa ameizima. Bango la baba lilikuwa limerudi kwenye msumari wake. Ilarion alipoona ule weupe wake kwa pembe ya jicho, mabega yakamshuka kwa ahueni. Mimi nikasema moyoni, mwanamke huyu anatia sahihi tena.

Ilarion akakaa, akaziba jicho. "Sha, Be."

Akasoma yote. Steliana alimwacha amalize mstari wa kumi na mbili.

"Nimekosea wapi?" Ilarion akauliza, anatabasamu.

"Hujakosea popote. Hata mwaka jana hukukosea. Mwaka jana ulinisomea kalenda ya divai."

"Kalenda gani?"

"Bango lilikuwa ukuta huu wa nyuma. Tulikuwa tunapaka rangi. Uliisoma kalenda, kaka, mistari kumi, macho yote mawili. Muulize Aculina."

Sikungoja kuulizwa. Nilisema kutoka mlangoni, "Ni kweli, Ilarion."

Mkono wake ulikuwa bado umeziba jicho. Kisha akasema polepole, "Na ukatia sahihi."

"Nikatia sahihi."

"Mwaka mzima nimembeba Ileana wangu kwenye lile basi." Ileana ndiye mjukuu. "Mimi nilijua naona vibaya. Sikujua ni vibaya kiasi hicho. Wewe ulijua, Stela. Ungenipiga hata kofi!" Akatoa funguo za basi mfukoni, akazitafutia meza kwa vidole, akaziweka. "Andika."

"Nikiandika, wananifuta na mimi."

"Kwa hiyo unaniuliza mimi?"

"Hapana," akasema Steliana. "Nakuambia tu, usije ukasikia kwa watu."

Akawasha mfumo. Nilimwona akijaza jina, namba ya cheti, macho yote mawili. Alipofika pale pa tarehe ya kuanza kujua, akaandika ya Machi ya mwaka jana. Hakusita. Mwaka mzima alikuwa ameshasita kiasi cha kutosha.

Kamati ilikaa mwezi wa Aprili. Kuna waliomtetea, Bwana Grosu akiwa wa kwanza, lakini jibu lililoandikwa na Grosu mwenyewe ndilo lililomfunga Steliana, naye Grosu akabaki kumwomba radhi kwenye simu. Jarida walimwachia mpaka wampate wa kulishika. Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata aliiandika mwenyewe habari hiyo, na kwa kuwa Ilarion hawezi tena kusoma, alimsomea kwa sauti. Yuko hapa karibu kila siku siku hizi, kwenye kile kiti cha kupimia, maana nyumbani mkewe anamhurumia na hilo halivumilii.

"Mabadiliko kwenye orodha," Steliana alisoma. "Steliana Botnaru amefutwa, kwa kutia sahihi cheti cha dereva asiyeona. Alijua. Wilaya yake haina mpimaji. Wanaohitaji kipimo waende mji wa jirani, kilomita sitini. Mpimaji wa kusini aliyeuliza swali mwezi wa Februari ni yeye. Hakuwahi kuwapo mwingine."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Nje basi la shule lilikuwa linapandisha kilima na dereva mpya, Ilarion akaligeuzia sikio, uso ameuelekeza kwenye bango la baba yake.

"Anachelewa kubadilisha gia," akasema. "Pale kwenye kona. Kila siku anachelewa."

Steliana alibonyeza kutuma, akaenda kugeuza kibao cha mlangoni. Kisha akakumbuka, akakiacha kilivyokuwa: "Tumefunga".