Kinyago cha Ijumaa

Kwa asiyezijua shule zetu za bweni, nianze na kinyago, maana bila hicho mengine hayataeleweka. Ni kipande cha gogo kilichochongwa sura ya mtu mwenye meno mengi na macho yaliyotoka nje. Shule nyingi zina cha kwao. Kila wiki viranja wa afya hukagua usafi, na Ijumaa mstarini bweni chafu kuliko yote hukabidhiwa kinyago hicho mbele ya shule nzima. Kiranja wa bweni anatoka, anakipokea kwa mikono miwili, anazunguka nacho huku wenzake wakizomea, kisha kinakaa mlangoni kwao mpaka Ijumaa nyingine. Hakuna anayechapwa. Watu wazima wanaolikumbuka jambo hili hucheka, hasa wale ambao hawakuwahi kukibeba.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya wasichana ya kidato cha tano na sita, juu ya kilima, upande wa Mbalizi. Nilizaliwa na kukulia Mlandege, Iringa, Mhehe wa damu, na kwa hilo wenzangu wamenitania tangu siku niliyoripoti. Pamoja na kufundisha, ni mlezi wa klabu ya habari. Kila Ijumaa wasichana wangu husoma habari za wiki mstarini: nani alilazwa na sasa amepona, netiboli tumefungwa na nani, bomba la jikoni limetengenezwa au bado. Mwisho anatajwa mwanafunzi wa wiki, yule aliyeongoza mitihani ya wiki hiyo. Nimeipenda sana kazi hii. Binti akitajwa kwa jema mbele ya watu mgongo wake hunyooka, na wiki inayofuata utamwona anakaa mbele darasani.

Basi akaletwa makamu mkuu mpya. Alikuwa amefundisha miaka mingi Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako wanafunzi walikuwa wakitoroka kwenda kuosha mchanga, na alijivunia kwamba aliwanyoosha. Kwetu alikuta kinyago na akakuta mwanafunzi wa wiki, akaona vitu hivyo viwili vinapoteza nguvu vikikaa mbalimbali. Akaagiza kwamba kuanzia hapo kinyago kikabidhiwe na mwanafunzi wa wiki. "Aliye juu amwonyeshe aliye chini," alisema. Walimu walipiga makofi.

Tazama ilivyokuwa. Bweni lililo chini kabisa ya kilima tunaliita bweni la bondeni. Njia ya kwenda jikoni inapita barazani pake, kwa hiyo shule nzima, ikienda kula na kurudi, inafuta matope ya miguu yake pale. Wasichana wa bondeni wadeki wasideki, kinyago ni chao. Na katika bweni hilohilo alikuwa analala binti mmoja wa kidato cha tano, mwembamba, si msemaji sana, aliyekuwa anaongoza mitihani ya wiki ya Fizikia na Hesabu. Familia yake ni wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, na siku hizi wanalima mpunga pia. Akatajwa mwanafunzi wa wiki. Akakabidhiwa kinyago ampelekee kiranja wa bweni lake mwenyewe. Ijumaa iliyofuata, tena. Na iliyofuata.

Siwalaumu sana wasichana wa bondeni. Ukizomewa kila wiki, unatafuta wa kumzomea wewe. Na wao walipewa mtu huyo mkononi, tena anayelala kitanda cha jirani.

"Mpisheni mwanafunzi wa wiki, asije akachafuka!"

"Mnoko huyo. Tukicheka tu, kesho makamu anajua."

"Kapige msuli wa vitabu vyako huko kwenye zizi la ng'ombe zenu."

Hayo niliyasikia mwenyewe nikipita kwenye kamba za kuanikia nguo. Yule binti alikuwa anakamua shuka. Kiranja wa bweni, msichana mwenye sauti kubwa kuliko wote, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimtazama bila kusimama. Aliponiona ndipo akainuka.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Shuka imefanya nini?"

"Imelowa, madam," akajibu kiranja. "Ndoo ilimwagika."

Godoro nalo lilikuwa limelowa. Nililigusa. Juni ya Mbeya si ya kulalia godoro bichi. Asubuhi majani yanakuwa na barafu, na wanafunzi wanavaa soksi mikononi. Nilimwita yule binti kando.

"Madam, naomba wiki hii nisitajwe."

Nikaanza kumweleza, kama kawaida yangu, kwamba sifa ni yake, ameifanyia kazi, asikubali wivu umvunje moyo. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Madam, sikatai kusifiwa. Nakataa kubeba lile gogo. Nimeshapiga simu nyumbani kwa simu ya matroni. Baba anakuja Jumamosi. Ijumaa nikikabidhi tena pale, naondoka naye."

Nimefundisha muda wa kutosha kujua maana ya hayo. Msichana akirudi nyumbani katikati ya muhula, wakati wa mavuno, kazi inampokea mlangoni. Kwanza ni kufukuza ndege shambani, halafu ni mdogo wake anayeumwa, halafu ni "tusubiri mwakani." Mwakani haji. Na kufeli mitihani ya wiki kwa makusudi asingeweza. Nadhani hakujua hata namna ya kuanza.

Nilikwenda ofisi ya walimu wakati wa chai. Makamu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Mwalimu, naomba tutenganishe hivi vitu viwili. Tumsifu mtoto, aende akae. Kinyago akabidhi mwalimu wa zamu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote: bweni, njia ya jikoni, godoro, baba anayekuja. Nilieleza taratibu, kama ninavyoeleza ramani. Alikuwa anakoroga chai muda wote.

"Madam, wewe unawalea kama mayai," akasema. "Kule Makongolosi nilikuwa na wavulana wana sururu mikononi. Unajua niliwaweza kwa kitu gani? Aibu. Aibu inafundisha."

"Inafundisha kuficha, mwalimu."

"Na huyo anayetaka kuondoka, aondoke. Shule haifungwi kwa mtu mmoja."

Mwalimu wa Fizikia, aliyekuwa anamenya karanga na kutupa maganda chini ya meza, akacheka. "Wahehe bwana! Ukimkanyaga mguu leo, atakujibu mwakani."

"Sio mwakani," nikasema. Lakini waliendelea kucheka, na hakuna aliyenisikia.

Nilibaki natazama yale maganda. Yalikuwa yamelaliana na maganda ya jana. Kwenye beseni kulikuwa na vikombe vyenye majani ya chai yaliyoota ukungu, na kwenye dirisha nyuma ya makamu buibui alikuwa amejenga kwa raha zake. Wiki ile nilikuwa mimi mwalimu wa zamu. Nieleze na hilo: mwalimu wa zamu ndiye anayeongoza ukaguzi wa usafi, na ndiye anayesimamia mstari wa Ijumaa. Na utaratibu wa shule yetu, uliobandikwa ubaoni tangu kabla ya sisi sote, unasema yakaguliwe majengo. Haujasema mabweni peke yake.

Ijumaa asubuhi nilizunguka na viranja wa afya. Tulipomaliza mabweni na jiko, nikawaelekeza kwenye ofisi ya walimu. Walimu walikuwa madarasani. Viranja wakasimama mlangoni kama walioambiwa waingie kanisani na viatu vya matope.

"Madam, na huku?"

"Na huku."

"Tutafukuzwa shule, madam."

"Jina litakaloandikwa chini ni langu. Nyinyi fanyeni kama mlivyofanya bondeni. Sakafu kwanza, halafu beseni, madirisha, pipa la taka. Msiongeze chumvi na msipunguze."

Wakafanya. Mmoja akainama chini ya meza, akainuka akificha kicheko kwa kukohoa. Sikumwambia yule binti lolote. Jambo kama lingeharibika, sikutaka limwangukie yeye.

Mstarini kulikuwa na ukungu, wa safu ya nyuma hawaonekani vizuri. Msomaji wetu akasoma habari za wiki: netiboli tumefungwa tena, lakini kwa tofauti ndogo; mgonjwa mmoja karudi kutoka hospitali; anayejua ilipo sufuria kubwa ya jikoni airudishe bila kuulizwa maswali. Wakacheka. Kisha akataja mwanafunzi wa wiki. Binti akatoka mbele. Makofi yalikuwa hafifu, na kutoka safu ya bondeni nikasikia, "Mnoko." Macho yake alikuwa ameyaelekeza chini, kwenye vidole vya miguu. Alikuwa tayari ameshaamua, nilimwona.

Nikachukua matokeo ya ukaguzi. "Bweni la bondeni wiki hii limeshika nafasi ya pili kutoka mwisho."

Safu ya bondeni haikushangilia. Walidhani nimekosea.

"Jengo lililoshika mkia ni ofisi ya walimu. Mwanafunzi wa wiki, wakabidhi kinyago."

Vichwa zaidi ya mia nne vikawageukia walimu. Makamu akasogea hatua moja. "Madam, hebu rudia."

"Ofisi ya walimu, mwalimu. Maganda ya karanga, beseni, dirisha la upande wako."

Binti alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akainama, akakibeba lile gogo kifuani, akatembea hadi walipojipanga walimu, akasimama mbele ya makamu.

"Weka chini hapo," makamu akasema.

Hakuweka. Akabaki amekishika kifuani. Hapo ndipo sauti ikatoka safu ya bondeni, ile kubwa kuliko zote, ya kiranja wa bweni:

"Mikono miwili!"

"Nani huyo? Ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu. Badala yake safu ya pili ikapokea, kisha ya tatu. Ndiyo kelele waliyokuwa wakipigiwa bondeni kila Ijumaa, na sasa shule nzima ilikuwa inaipiga huku inagonga miguu chini. "Mikono miwili! Mikono miwili!" Haikuwa furaha. Ilikuwa hasira, na nilipoisikia nilielewa ni kiasi gani ilikuwa imehifadhiwa. Mwalimu wa Fizikia alikuwa amegeuza uso. Makamu akaifunga mikono yake nyuma.

Aliyetoka ni mkuu wa shule, mama aliyebakiza muda mfupi astaafu, ambaye hupenda mambo yaishe mapema. Akapita katikati ya walimu, akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea. Kelele ikakatika.

"Asante," akamwambia binti. "Rudi mstarini." Kisha akanigeukia mimi bila kupunguza sauti. "Na wewe njoo ofisini kwangu."

Yaliyonipata si mengi, ila yalidumu. Nilipewa barua ya kujieleza kwa nini niliwadhalilisha watumishi wenzangu mbele ya wanafunzi. Nikajieleza. Chai ya saa nne ikawa inamiminwa na kikombe changu kinarukwa. Mwalimu wa Fizikia akahamisha kiti chake kutoka pembeni yangu, na makamu aliomba nihamishwe, tena aliomba mbele yangu. Mkuu aliamua kwamba tangu hapo kinyago atakabidhi mwalimu wa zamu, na mwanafunzi wa wiki akishapigiwa makofi arudi mahali pake. Kinyago chenyewe nilitaka kichomwe. Hakikuchomwa. Kipo mpaka leo, na wiki nyingi kipo bondeni.

Jioni ile nilishuka kwenye kamba za nguo. Kiranja wa bweni alikuwa anamsaidia yule binti kugeuza godoro lipigwe na jua la mwisho, lakini kwa sura ya mtu aliyetumwa.

"Usidhani tumekuwa marafiki," kiranja alikuwa anasema.

"Sijasema."

"Na hiyo tochi yako ya kusomea alfajiri, ukinimulika usoni tena, godoro linarudi kwenye maji."

"Betri zimeisha."

"Nitakuazima zangu. Ila umulike ukutani."

Jumamosi baba yake akafika, mtu mrefu mwenye koti la mvua na makapi ya mpunga kwenye kola. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Nilimpokea getini, nikamkaribisha kwenye benchi, nikamwita binti yake. Akaja amevaa sare, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Tranka liko wapi?" baba akauliza.

"Shikamoo, baba. Baba, rudi tu. Jumatatu nina mtihani wa Fizikia."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Mimi nimeacha mpunga umelala chini! Jumatano unalia kwenye simu, Jumamosi unanifukuza?"

"Sikufukuzi, baba. Nabaki."

"Wamekupiga?"

"Hapana."

"Wamekuomba msamaha?"

"Hapana."

"Sasa?"

Binti akafikiri. "Sasa silibebi tena," akasema.

Baba hakuelewa, na hakutaka kueleweshwa, ingawa nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akampa binti yake dumu la maziwa mgando aliloleta, akafunga koti. "Na wewe mwalimu," akaniambia, "siku nyingine watoto wenu wakigombana, muwaamue kabla hawajapiga simu." Nikasema sawa, mzee. Akashuka kilima kuelekea Mbalizi, akilalamika peke yake kwa lugha yao, na binti alikuwa ameshageuka kurudi darasani kabla baba hajafika kwenye kona.