Dada Aliyejua Kumuuliza Baba

Kiangazi kilichopita nilirudi Likasi, nikapita sokoni kutafuta ndakala, vile visamaki vikavu vya kupika na nyanya. Pembeni mwa njia msichana alikuwa amepanga viatu vya mitumba juu ya gunia. Hakunipigia kelele kama wenzake. Aliniangalia miguu, kisha uso, akauliza taratibu, "Mama, unatokea mbali?" Basi, rafiki yangu, mtu mzima kama mimi, mwenye watoto walionipita kimo, nilisikia wivu ukinipanda kooni kama kiungulia. Msichana yule hakuwa na kosa. Wivu wenyewe ni wa zamani, na wa kwanza kumwonea alikuwa dada yangu wa Kambove.

Namwita dada, ingawa alikuwa mtoto wa mama mkubwa. Aliletwa kwetu Likasi kutoka mji huo wa jirani miaka ile kazi zilipokufa. Kama ulikuwepo unakumbuka: king'ora cha kiwanda, ambacho kilituamsha tangu tuzaliwe, kikaanza kulia leo na kunyamaza kesho, hadi tukaacha kukingojea. Baba, aliyekuwa kwenye tanuru la shaba, alirudi nyumbani na buti zake mkononi. Akazitundika kwenye msumari, akakaa kwenye kiti chini ya dirisha, na pale akabaki msimu mzima wa mvua. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amenyamaza tu. Chai ikawa haina sukari, bukari, ugali wetu, tukaila na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta. Walimu hawakuwa wanalipwa, shule ikafungwa. Mama akauza cherehani yake, akanunua furushi la viatu vya mitumba, akatuchukua sisi wasichana wawili kwenda kukaa naye sokoni.

Mama hakuijua biashara. Aliyemfundisha ni jirani yetu, mwanamke mnene aliyeuza vitenge tangu ujana wake. Asubuhi moja alikaa kwenye gunia letu, akatufundisha sote watatu.

"Usimuulize mutu kama anataka kununua," alisema. "Ile swali iko na mulango, atatokea mbio. Uliza kintu chenye jibu lake ni habari. Kisha funga kinywa. Mutu akisha kukupa habari yake, miguu inakuwa mizito, haiendi tena."

Mimi nilisikia maneno hayo. Dada aliyaelewa. Ndiyo tofauti yetu yote.

Nilikuwa napiga kelele, "Biatu bizuri! Mama, unataka biatu?" na akina mama wananijibu "Hapana" bila kupunguza mwendo. Dada alikaa kimya, akiangalia miguu ya wapitao. Siku moja akapita mwanaume mwenye vumbi jekundu hadi magotini, viatu vyake vimefungwa kwa waya.

"Papa," dada alisema, "bile biatu bilianza kukufia wapi?"

Yule bwana akacheka, akainua mguu kama farasi. "Huku, ku kisigino. Njia ya Kakanda iko na majiwe."

"Unaendaka na mguu?"

"Zamani na kinga. Kinga nayo ilienda."

Dada hakusema neno. Aliitikia kwa kichwa tu, akangoja. Na katika ule ukimya yule bwana akaendelea mwenyewe: kwamba hiyo kinga, baiskeli yake, aliiuza kwa ajili ya dawa, kwamba sasa anatembea na wanawe kwenda kuchimba, kwamba miguu inavimba. Ndipo dada akainama, akatoa chini kabisa ya rundo jozi moja nzito, yenye soli nene, mbaya ya sura, ambayo mimi ningeificha kwa aibu. Yule bwana aliivaa, akakanyaga mara kadhaa, akaondoka nayo. Tulipotoa muhogo wa kuchoma mchana, mama alimkatia dada kipande cha katikati, kile kinene. Changu kilikuwa cha mwisho, chenye nyuzi. Nilikitafuna nikikipima chake kwa macho.

Ya sokoni ningeyavumilia. Lililonichoma ni la nyumbani.

Kila jioni nilikuwa namuuliza baba, "Papa, uko muzuri?" Naye alijibu, "Niko." Mazungumzo yetu yaliishia hapo. Jioni moja mvua ilikuwa inapiga mabati, tumemaliza kula, makaa bado mekundu kwenye jiko letu la mbabula. Dada alikuwa anamenya karanga karibu na miguu ya baba. Bila kuinua macho akasema, "Papa, tanuru yenu ilikuwa inalia namna gani?"

Mama aliacha kukusanya sahani. Baba akatazama dirishani. Nilitaka kusema chochote, kuziba lile shimo la ukimya, lakini mama alinishika mkono. Dada aliendelea kumenya, ganda moja baada ya jingine, kana kwamba jibu likija sawa, lisipokuja sawa.

Kisha baba akakohoa. Akavuta pumzi, akatoa mlio kutoka ndani ya kifua, mzito, mrefu, uliotetemesha hata kifuniko cha sufuria, ama mimi niliona hivyo. Akatabasamu. "Vile," akasema. "Na wakati shaba inatoka, inanyamaza. Njo pale unaogopa."

"Siku ya kwanza uliogopa namna gani?" dada akauliza.

Akaeleza. Akaeleza jinsi nyusi zake zilivyoungua na wenzake wakamcheka, jinsi mkubwa wa kazi alivyomshika bega, rangi ya shaba ikitiririka, jinsi jasho lilivyokauka na kuwa chumvi mgongoni. Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kabla ya ukimya, na yote aliimimina upande wa dada. Mama alikuwa anafuta macho kwa pembe ya kitenge chake, akicheka. Nilipaswa kufurahi. Lakini mimi nilizaliwa ndani ya sauti ile, na mtoto wa Kambove ndiye aliyeichota kama maji ya kisima chetu, akanywa wa kwanza.

Kesho yake baba alitoka nasi. Alichukua sindano nene na uzi, akakaa nyuma ya gunia, akaanza kushona soli zilizoachia. Tuliuza vizuri tangu siku ile. Dada anauliza wateja, baba anashona, na wateja wakipungua wao wawili wanazungumza. Mimi nilitumwa maji. Hakuna aliyenionea, hakuna aliyenitukana; hicho ndicho kilichoniuma zaidi, maana sikuwa na wa kumlaumu.

Baadaye mama mkubwa akaja kumchukua mtoto wake, kwa kuwa uchimbaji wa Kambove ulikuwa umeanza kuwalisha. Nilimbebea dada mzigo hadi kwenye taxi-bus kwa furaha ambayo sikuificha. Jioni nikakaa mahali pake, nikamenya karanga, nikauliza, "Papa, tanuru ilikuwa inalia namna gani?"

Baba alinitazama kwa upendo, naapa ulikuwa upendo. "Dada yako alisha kuniuliza ile, mama," akasema. "Na weye ulikuwa pale." Akaendelea kushona. Sikuwa na swali jingine.

Hatukuwa maadui na baba. Alizeeka vizuri, akaniozesha, akawabeba watoto wangu. Lakini alipofariki, kwenye kilio chake dada alikuja kutoka Kambove, akasimama mbele ya watu akasimulia: kwamba baba alitamani kuendesha gari-moshi, kwamba kabla ya mama aliwahi kuchumbia msichana wa Kakanda akakataliwa kwa sababu ya masikio yake. Watu walicheka wakilia. Mama aliitikia kwa kichwa, alikuwa anayajua. Mimi, mtoto wa kumzaa, nilisikiliza kama mgeni.

Mengi yamekwenda. Tanuru limepoa, king'ora kimekuwa kutu, na pale tulipotandika gunia letu siku hizi wanauza simu. Hayo nayalilia pamoja na mji mzima, na kulia na wengi si kubaya. Ila yale baba aliyoyasema kati ya mshono na mshono, wakati mimi nimepanga foleni bombani, yako kwa mtu mmoja tu. Nimemwomba anisimulie, na ananisimulia kwa moyo mweupe, hachoki. Nasikiliza yote. Lakini sauti ni ya dada, si ya baba.