Firigisi Haimo Kitabuni

Kitabu kile sikukinunua. Nilinunua begi la mtumba upande wa Kenya, na nilipofika nyumbani Dabani, upande wa Uganda, nikakikuta kwenye mfuko wa ndani, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Jaladani mwanamume mwenye suti alikuwa amenuna, na mwanamke kampa kisogo, nywele zikipeperushwa na upepo ingawa wote wawili wamo sebuleni. Kilikuwa cha Kiingereza, cha zamani kuliko ndoa ya mama yangu. Nilianza kukisoma nikipika, na siku hiyo tulikula ndizi zilizoungua.

Hadithi yenyewe ni ya tajiri aliyemwoa msichana asiyempenda, au anayedhani hampendi. Wanaishi kwenye nyumba ya vyumba kumi na viwili na hawasemezani. Mume anasimama dirishani, mke anasimama kwenye ngazi. Wanakwenda hivyo mpaka karibu na mwisho, mke anapofunga sanduku, na hapo ndipo mwanamume anapokumbuka kwamba ana mdomo.

Nilicheka, kisha nikaacha, maana na mimi nilikuwa na wangu. Mume wangu ni Msamia, mchuuzi wa samaki. Alfajiri yuko ufukweni Majanji, mchana yuko sokoni Busia, jioni yuko nyumbani na hana neno. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Siku walipokuja kumposa dada yangu kwetu, ng'ambo ya mpaka, mume wangu alingojwa tangu asubuhi. Mchana likafika kapu la ngege. Yeye hakuja, alituma samaki. Shangazi zangu waliwala wale ngege mpaka kwenye miiba huku wakiniuliza nimeolewa na mtu au na kapu. Niliona aibu ambayo hata leo ikinijia nafunika uso.

Niliporudi sikumuuliza, naye hakueleza. Kitabu kilikuwa kimeshanifundisha kwamba mwanamke anayejiheshimu hanuni kwa kelele. Nikanyamaza kama yule wa kwenye ngazi, na kwa kuwa sisi hatuna ngazi, nilisimama karibu na mtungi. Nilingoja aumie. Siku ya tatu mama mkwe alikuja kunisifu mbele ya majirani: sasa nimekuwa mke, sina maneno mengi. Mume wangu naye akaanza kusimama dirishani. Dirisha letu linatazama banda la mbuzi. Alisimama pale mikono nyuma, kanuna, nami nikadhani mbuzi anaumwa.

Wiki ya tatu nikakata shauri. Yule wa kitabuni alihitaji meli ili amkimbie mumewe. Mimi nilihitaji viatu tu, maana kwetu ni mwendo wa saa moja pamoja na foleni ya mpakani. Nikafunga nguo kwenye lile begi, kitabu nikakizika chini ya kanga. Kisha nikapika kuku.

Huku kwao, kuku akipikwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata mtoto anayetambaa anajua. Mke akimnyima mumewe firigisi, amemwambia kwamba nyumba hiyo haina mwenyewe tena, na hahitaji kuongeza neno. Niliila jikoni, nimesimama. Ilikuwa ngumu kama soli, na sikuelewa wanaume wanaipendea nini.

Nikamtengea. Akatia mkono bakulini, akageuza bawa, akageuza shingo, akaupekua mchuzi taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilitaka apige meza, nilitaka achukie, nilitaka chochote. Akanawa mkono, akaingia chumbani, akatoka na kitabu.

"Mama," akasema, "hii kitabu mimi nasoma kila siku wewe nakwenda kisimani. Nafika pale bibi nafunga sanduku. Hapo mimi naogopa, naacha."

Mume wangu alisoma Tororo. Kiingereza anacho, ila anakitunza kama suti ya kanisani, na mimi sikuwahi kufikiri angeweza kukivaa nyumbani. Nikaelewa habari ya dirisha.

Nikamuuliza, kwa sauti iliyolala wiki tatu, mbona hakuja kwetu.

"Mama yako nakaa karibu yangu," akasema. "Mimi natazama wapi?"

Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Akimwona njiani huingia majanini mpaka apite. Sisi wa mjini tulikuwa tumempangia kiti kando ya mama, kwa heshima. Na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, kwa majivuno, atakaa wapi.

Akaniuliza kama yule bibi anarudi. Mwisho nilikuwa nimeusoma mara nne. Wiki tatu nzima mimi niliujua, na yeye alilala kando yangu bila kuujua. Hilo liliniuma kuliko kapu.

"Soma," nikamwambia.

Alisoma kwa sauti, kidole chini ya kila mstari, kurasa kumi na moja, mchuzi ukiganda. Bibi alirudi. Akakifunga kitabu, akauliza firigisi iko wapi. Nikamwambia nimeila.

"Hiyo haiko kwa kitabu," akasema, akavuta bakuli na kuanza kula shingo.

Nikaenda kutoa nguo begini kabla hazijakunjamana.