Maporomoko ya Kuzibuliwa

Mwongoza wageni wa kijijini kwetu huita matembezi yake "safari ya maporomoko", ingawa kijito chenyewe, katika msitu unaomalizika kabla hujatoka jasho, huanguka kimo cha goti. Huvaa fulana yenye picha ya kasa ili adhaniwe mtumishi wa hifadhi ya bahari. Kwa wageni sauti yake ni asali. Kwetu ni amri. Tangu asubuhi huwa ameziba maji kwa magogo na makuti. Wageni wakifika chini huwaambia wafumbe macho, kisha hupanda kuzibua, na maji yakinguruma hutanua mikono kana kwamba mvua ameileta yeye.

Juzi wageni walichelewa. Bimkubwa, mwenye jaruba la mpunga bondeni, akapanda na jembe begani. Yule bwana hata shikamoo hakumpa.

"Mpunga wangu unachanua, baba, na ardhi inapasuka. Maji unamfungia nani?"

"Subiri kidogo, mama. Wageni wametoka mbali."

"Na mpunga wangu umetoka hotelini?"

Akazibua mwenyewe kwa jembe, makuti na magogo yakaenda na maji. Wageni, ndiyo kwanza wanatokeza, walishangilia na kuuliza mama yule ni nani. Mwongoza wageni akaweka mkono kifuani, akainama.

"Msaidizi wangu," akawajibu kwa Kiingereza, wakati Bimkubwa ameshawapa mgongo, anayafuata maji yake jarubani.