Manowari ya Babu wa Coon Rapids

Harufu ya chai ya tangawizi bado inanitia wivu. Mama alikuwa akiipika Jumamosi asubuhi, anaijaza kwenye chupa, kisha tunaondoka Roseville, huku ughaibuni, kwa gari hadi mji wa Coon Rapids, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Kikombe cha kwanza, kile chenye povu, kilikuwa cha mzee mmoja Mzungu aliyekuwa baharia zamani. Mimi nilipewa cha pili, na biskuti ya kunifunga mdomo.

Mzee yule alikuwa na hadithi moja tu, ya manowari ndogo iliyosindikiza meli za mizigo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baridi ilivyogandisha kamba, mabaharia walivyotega masikio kusikia nyambizi za adui, yote niliyajua hadi nikayachukia. Shuleni nilichaguliwa kuimba peke yangu, na hadi leo Mama hajui niliimba nini, lakini jina la mpishi wa manowari alilijua. Nikimvuta kanga twende, Mama alinong'ona, akiniita mama kama mabinti wanavyoitwa kwetu, “Acha kwanza babu amalize histoire yake, maman.”

Jumamosi moja babu akaimaliza kweli. Meli moja ilipigwa, watu wakawa majini wakipunga mikono, na manowari yake ikawapita, maana amri ilikuwa kutoziacha meli zilizobaki. Mama akavua viatu. Akatandika kitenge sakafuni, akakaa amenyoosha miguu, kama tunavyokaa kwetu Kongo penye msiba. Muuguzi akaja mbio akidhani ameanguka. Mama hata hakumtazama. Akamweleza babu, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba naye alimwacha mdogo wake njiani walipokimbia vita, kwa sababu alikuwa na wadogo wengine wa kuvusha mpaka. Huyo aliyeachwa aliitwa Bahati.

Bahati ni mimi pia. Mara ngapi nilimwuliza jina langu limetoka wapi, akanijibu kwamba alilipenda tu! Sasa alikuwa akimpa mtu baki kile nilichokiomba mimi, mwanawe, na babu amemshika mkono. Nilisimama pale nimevimba kwa wivu, kikombe cha chai mkononi.

Babu alifariki kabla theluji ya mwaka ule haijaanguka. Siku hizi mimi ndiye ninayeendesha gari, na kikombe chenye povu ni changu. Tukipita Coon Rapids huwa namwuliza, huyo Bahati alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alichekaje. Mama hugeukia dirisha.

“Ile yote nilishaambiaka babu,” husema.