Pikipiki Kubwa ya Mzee Masudi

Mvua ikianza kudondoka juu ya injini ya pikipiki iliyotoka mbali, hutoka harufu ambayo siwezi kuifananisha na nyingine yoyote: mvuke, mafuta yaliyoungua na vumbi lililolowa, vyote pamoja. Juzi nilikuwa nimejikinga kwenye baraza la duka moja hapa Kilibula, motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, akasimama mbele yangu, matone yakalia juu ya bomba lake la moshi, na mimi nikarudi Kasenga, mtaa niliokulia, nikiwa na miaka kumi, mwaka ule Mzee Masudi alipoleta pikipiki yake kubwa.

Baba yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Papa, alikuwa motari. Pikipiki yake ilikuwa ndogo, nyekundu, yenye kiti kilichoshonwa mara tatu, na kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa kilichokuwa zamani gauni la mama. Nyumba yetu ilikuwa nyuma tu ya parking ya wamotari, kwa hiyo nilikua nikisikia maneno yao kama watoto wengine wanavyokua wakisikia kuku. Nilijua nani anasifu, nani anadanganya, na nani anakohoa kabla ya kudanganya.

Mzee Masudi alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa zile familia za Waislamu ambao mababu zao walikuja kufanya biashara ya ziwani tangu zamani sana. Alikuwa mpole, mwenye ndevu nyeupe na kofia iliyofumwa. Hakuna aliyetegemea mambo makubwa kutoka kwake. Halafu siku moja meli ikatia nanga bandarini Kalundu, na vijana kumi na wawili wakateremsha kitu kilichofunikwa turubai. Turubai ilipotolewa, watu walisukumana kuiona. Ilikuwa pikipiki ya rangi ya damu ya mzee, yenye kioo cha mbele kama cha gari, masanduku matatu, redio, na kiti cha abiria chenye mgongo na mahali pa kuegemeza mikono.

Mwezi mzima hapakuwa na mazungumzo mengine pale parking.

"Inarudi nyuma!" alisema Bahati, kijana kuliko wote, aliyekuwa ameizunguka mara saba. "Unabonyeza kidude, inarudi nyuma yenyewe. Na kiti iko na moto ndani."

"Moto ya nini?" aliuliza Kabura.

"Ya kupasha matako, wakati wa baridi."

"Hapa Uvira?" Kabura alitazama jua, akatutazama sote. "Na hii jua yetu, ifanye kazi gani?"

Kabura alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, Mkatoliki wa kila Jumapili, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Maoni yake yalikuwa mafupi. Kitu kisicho na mahali pa kufungia gunia la muhogo hakikuwa pikipiki, kilikuwa kiti cha askofu. Bahati naye aliapa kwamba akiipata ile, atatoka Uvira asubuhi na saa sita atakula samaki Kalemie.

"Utapita barabara gani?" Kabura akamjibu. "Hii yetu? Itakuacha njiani Makobola, weye na redio yako."

Lakini aliyeisema vibaya kuliko wote alikuwa Papa. Alikuwa hata hacheki. "Pikipiki ikianguka na hauwezi kuiinua peke yako, hiyo si ya kwako," alisema. "Ni mugeni. Unaiamkia, unaiacha ipite."

Mimi maneno yale yaliniumiza, kwa sababu nilikuwa nimeipenda. Niliipenda mpaka nikaanza kuionea aibu ile nyekundu yetu. Papa alipokuja kunichukua shuleni nilimwomba anisubirie kwenye kona, eti pale mlangoni pana matope. Hapakuwa na matope.

Mzee Masudi aligundua. Alinikuta nimeweka uso wangu karibu na tangi lake, najitazama. Akaniuliza mambo ya shule. Nikamwambia matokeo ya nusu mwaka yatatolewa Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya proklamasyo, na kwamba huenda nitakuwa wa kwanza. Akasema, "Basi mtoto wa kwanza hawezi kwenda kwa miguu. Muulize baba yako."

Sijui kama mtu aliyekulia nje ya Congo anaelewa proklamasyo. Wazazi huvaa nguo za kanisani, wanafunzi husimama uani kwa mstari, mwalimu mkuu husoma majina na pointi kwa sauti, na kila jina hupigiwa makofi au hupokewa kwa kimya. Tangu nilipoanza klasi ya kwanza, Papa alinipeleka mwenyewe, akiwa na shati jeupe. Nilipomwambia kwamba safari hii nitakwenda na Mzee Masudi, alikuwa ameinama anakaza mnyororo. Aliukaza muda mrefu.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Enda."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza: "Lakini usitufuate, Papa. Watu watacheka."

Asubuhi ya Ijumaa ile jua lilikuwa kali. Nilipanda kwenye kile kiti nikiwa na riboni mbili kichwani, nikaweka mikono pale pa kuegemeza, na mji mzima ukapita mbele yangu kama unanipigia saluti. Wauza maandazi walisimama. Watoto walikimbia nyuma yetu. Mto unaokata njia ya shule ulikuwa mkavu. Daraja lake lilikuwa limevunjika tangu msimu uliopita, na vyombo vyote vilipita chini, juu ya mawe. Tulipita taratibu. Nilipogeuka, nilimwona Papa mbali kidogo nyuma yetu, peke yake, bila abiria. Nilikasirika sana. Nilidhani amekuja kunichunga kama polisi, au ana wivu.

Nilikuwa wa kwanza. Makofi yalipigwa. Papa alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, na sikumwendea.

Tulipokuwa tunarudi, jua bado lilikuwa linawaka. Wenyeji wa Uvira wanajua kwamba hapa kwetu mvua inayoua si ile inayokunyeshea. Inanyesha huko juu, Bijombo, kwa wafugaji, na wewe chini umekauka kabisa. Halafu mto unakuja. Tulipofika kati ya mawe, maji yalikuwa ya vifundoni, ya rangi ya chai yenye maziwa, na povu juu yake. Mzee Masudi alisita. Ukisita juu ya mawe yenye utelezi na uzito ule, umekwisha. Pikipiki ililala polepole sana, kama ng'ombe anayejilaza, na mimi nikalala nayo. Sanduku la pembeni likanibana mguu kati yake na jiwe.

Halikuvunja mfupa. Lakini mguu haukutoka. Mzee Masudi alishika usukani akavuta, kofia yake ikaanguka majini, akavuta tena huku anaita jina la Mungu. Pikipiki haikusogea hata kidogo. Maji yalinifika kiunoni nikiwa nimekaa, kisha yakanifika mbavuni. Nakumbuka sauti ya mawe madogo yakigongana chini ya maji, kama mtu anayetikisa maharagwe kwenye ungo.

Ndipo nikamsikia Papa. Hakuisimamisha pikipiki yake. Aliruka chini ikiwa bado inatembea, ikaenda kuanguka yenyewe mtoni. Papa, ambaye hakuwahi kuiacha hata chini ya kivuli bila kuhakikisha imesimama imara! Alipiga magoti nyuma yangu, akaegemeza kifua chake mgongoni mwangu ili maji yasinilaze, akapaza sauti: "Kabura! Bahati! Mukuje!"

Walikuwa ng'ambo, na abiria wao. Kabura alimwacha mama mmoja amesimama na gunia lake, akaingia na viatu. Bahati akaingia. Yule mama naye akaingia, akiwa amekunja kitenge. "Rimwe, kabiri," alihesabu Kabura kwa Kirundi, na walipofika tatu chuma kikainuka upana wa kiganja. Mguu wangu ukatoka. Papa alinibeba mpaka ukingoni.

Wengine waliikokota ile kubwa mpaka nchi kavu. Ilikuwa na michubuko miwili tu. Ile nyekundu maji yaliichukua wakati sote tulipokuwa tunatazama upande mwingine. Tuliipata jioni karibu na ziwa, imejaa mchanga, gurudumu lake la mbele limepinda.

Wiki moja baadaye Mzee Masudi alikuja parking akiendesha ile kubwa, iliyooshwa, inang'aa. Alishuka, akamkabidhi Papa ufunguo kwa mikono miwili mbele ya wote.

"Hii ni ya kwako," alisema. "Miye nimezeeka. Usinikatalie, tafadhali."

Bahati aliniambia baadaye kwamba alikuwa tayari kulia kwa niaba ya Papa. Papa aliutazama ufunguo, akapanda, akaniita: "Kuja, mwanangu, tuijaribu."

Wenzangu wa shule walikuwa wamejaa pale. Kwa wiki nzima walikuwa wamenisikia nikisimulia safari yangu, na katika masimulizi yangu hapakuwa na mto. Basi nikapanda. Sikushika pale pa kuegemeza mikono, nilimshika Papa. Tulikwenda kwa lami mpaka karibu na Kavimvira, upepo wa ziwa upande mmoja, milima upande mwingine, na injini haikupiga kelele, ilinong'ona. Tulipogeuza, aliendesha polepole kuliko tulivyokwenda.

Alirudisha ufunguo.

"Iko muzuri sana, Mzee," alisema. "Lakini miguu yangu haifike chini."

Parking yote ililipuka kwa kicheko. Yeye aliyeisema vibaya mwezi mzima, kumbe ni ufupi! Kabura alifuta machozi. Kuanzia siku ile walimwita Miguu Mifupi, na jina lile lilimfuata mpaka alipoacha kazi. Mzee Masudi aliiuza ile kubwa ng'ambo ya ziwa, akamletea Papa ndogo mpya, ya bluu. Nami nilicheka pamoja na wengine. Nilicheka sana, kwa sababu nilikuwa nimefarijika, na sikutaka mtu yeyote ajue kwamba nimefarijika.

Miaka ikapita. Nikawa muuguzi, nikajifunza kuendesha pikipiki, kwa kuwa kituo chetu cha afya kiko mbali na wagonjwa hawangoji. Mwaka jana nilimpandisha binti yangu nyuma, siku chache baada ya sisi wawili kuteleza kwenye mchanga. Alikuwa amewaambia wote nyumbani kwamba haogopi hata kidogo. Tulipoanza kwenda, nikaihisi mikono yake ubavuni mwangu. Ilitetemeka bila kukoma, kama kifaranga kilicholowa. Nikapunguza mwendo. Nikageuza njia. Nyumbani nikasema breki haziko sawa.

Kabla sijazima injini, nikajua.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Papa. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua dagaa, amevaa sandali. Nilikaa naye, tukachambua pamoja kwa muda.

"Papa," nikamuuliza, "ile pikipiki ya Mzee Masudi. Miguu yako ilifika chini?"

Hakuniangalia. Alitazama miguu yake, akachezesha vidole.

"Yote miwili," alisema. "Mpaka visigino."