Amana Haipotei, Mama

Juzi mjini Kisii, kwenye ofisi ya wakala wa safari, mzee mmoja aliomba safari ya meli, yake na mkewe, ihamishwe tena. Ya kwanza ingeng'oa nanga siku ya Sabato, wakaiacha. Sasa mzee amefanywa mwenyekiti wa harambee inayoangukia tarehe ya safari ya pili.

"Amana mliyolipa haipotei, baba," karani akasema. "Tunaisogeza hadi Aprili."

"Umeona, mama?" mzee akamgeukia mkewe. "Hatujapoteza chochote."

Mama akapapasa goti lake polepole. "Mwaka jana ningepanda ngazi za meli mwenyewe," akamwambia karani. "Haya magoti nayo utayasogeza hadi Aprili?"

Karani akainamia kompyuta.

Wenye meli wana kanuni ya kulinda amana. Waume zetu wanangoja nini kutunga ya kulinda magoti?